Barua ya wazi kwa Wizara ya Elimu: mnatuambia tuchague shule, basi tuambieni ndani kuna nini

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, kwa Katibu wa Elimu ya Msingi, kwa wakubwa wa KNEC (baraza la mitihani) na TSC (tume ya kuajiri walimu), na kwa nyinyi maprinsipo wa zile shule kubwa za serikali hapa Nairobi,

Hamjambo. Mimi ni mzazi tu, naishi Umoja, niko na mtoto Gredi 9 na mwingine anamfuata nyuma. Sijatumwa na mtu, sina chama, na hii barua si ya kutusi mtu. Nataka kitu kimoja na nakisema hapa mapema ndio mwenye hana muda asijisumbue kusoma hadi chini: kila shule ya sekondari ya serikali itoe karatasi moja, ukurasa mmoja tu, yenye inaonyesha ukweli wa hiyo shule, na hiyo karatasi itoke kabla watoto wetu hawajajaza machaguo yao. Si baada. Kabla.

Kundi la kwanza la CBC, huu mtaala mpya, wale watoto zaidi ya milioni 1.1 waliofanya KJSEA 2025, ule mtihani wa mwisho wa Gredi 9, waliambiwa wachague shule 12. Tisa za bweni, tatu za kutwa, zikigawanywa nne nne kwa kila moja ya kombinesheni tatu za masomo mtoto alizochagua. Shule kumi na mbili jameni! Mimi nimezaliwa hii Nairobi na siwezi kukaa chini nikutajie shule 12 na nikuambie kitu cha maana kuhusu kila moja, ukiondoa jina. Majina tunayajua sana. Starehe tunaijua, Kenya High tunaijua, Pangani, Lenana, Nairobi School, Moi Girls, Upper Hill, Jamhuri, hayo hata mtoto wa nasari anayajua. Lakini uniulize ziko na strimu ngapi, darasa moja linabeba watoto wangapi, mwalimu wa fizikia yuko ama bado anatafutwa, mimi sijui, jirani hajui, na mwalimu wa JSS (sekondari ya chini, Gredi 7 hadi 9) aliyekuwa anawasaidia watoto kujaza pia hajui, yeye amesomea Kitui huko na shule anazojua ni za kwao.

Ndio unaona watu wanachagua shule kwa njia za ajabu. Mama mmoja hapa kwa plot yetu alichagua shule juu aliona kwaya yao kwa TV wakati wa tamasha za muziki na akapenda venye wasichana walikuwa wamepangwa, sare safi, nidhamu. Mwingine alichagua shule aliyosoma shemeji yake miaka ya tisini, sasa hivi huyo shemeji ni meneja wa benki, kwa hivyo shule ni nzuri, kesi imeisha. Halafu Januari matokeo ya KCSE, ule mtihani wa kumaliza Form Four, yakitoka simu inajaa skrinshoti, orodha ya shule bora mia moja yenye haina sahihi ya mtu, haina chanzo, na kila grupu iko na yake tofauti. Nyinyi mlishasema tangu 2014 kwamba hakuna kupanga shule kwa nafasi. Sawa, sababu naijua na hata nakubaliana nayo, ule ushindani ulikuwa umeharibu watu na wizi wa mitihani ulikuwa umefika pabaya. Shida ni kwamba mliondoa orodha na hamkuweka kitu kingine pale. Uvumi ukaingia ukakaa, na prinsipo mwenye anajua kuongea na waandishi wa habari ndiye anaonekana ana shule nzuri.

Wacha tuanze na hii kitu inaitwa wastani, maana hapo ndipo wazazi tunachezwa sana na hata hatujui tunachezwa.

KCSE inapeana pointi 12 kwa A, inashuka moja moja hadi 1 kwa E. Shule inajumlisha za watoto wote, inagawa, inatoka na namba, tuseme 7. Saba ni C+ na C+ ndiyo tiketi ya digrii. Mzazi akiona 7 kwa bango hapo getini roho inatulia. Sasa chukua shule kubwa yenye watahiniwa 400. Wote 400 wakipata C+, wastani ni 7. Wengine 200 wakipata B+ yenye ni pointi 10, na 200 wakipata D+ yenye ni pointi 4, wastani ni 7 vile vile, chukua kalamu upige hesabu mwenyewe. Bango ni lile lile! Kwa shule ya kwanza hakuna mtoto amekosa kufika C+, kwa ya pili nusu ya watoto wamekosa, na kila mzazi aliambiwa ameleta mtoto shule ya 7. Na si mfano wa kutafutwa huu, mtu yeyote amesoma shule ya strimu nane anajua kuna strimu zinapewa walimu wazuri na kuna strimu za huko mwisho karibu na choo. Shule ndogo ni ngumu kuficha mtoto. Shule kubwa mtoto anaweza kupotea miaka minne na wastani usitikisike.

Kwa hivyo kwa hiyo karatasi wekeni gredi zote, A wangapi, A- wangapi, hadi E wangapi, wavulana na wasichana, kwa miaka mitatu iliyopita. Ni jedwali la mistari 12 na KNEC iko nayo tayari, hakuna mtu ataambiwa aende kukusanya kitu.

Sasa hiyo bado ni nusu tu. Nusu nyingine ni hii: waliingia na nini? Shule inayopokea watoto wa alama 400 kati ya 500 za KCPE, ule mtihani wa zamani wa darasa la nane, ikitoa B+ tunaipigia makofi, inaandikwa gazetini, prinsipo anabebwa juu juu na wanafunzi wanaimba. Mimi nauliza tu, hao watoto si walikuja wakijua? Halafu kuna shule ya kutwa huku Eastlands, inapokea mtoto wa alama 210, anatoka nyumba ya chumba kimoja, jioni anasoma na kelele ya baa, na hiyo shule inamtoa na C. Hakuna kamera inaenda huko. Wastani wa shule unasoma 4 na kitu na watu wanasema ni shule ya waliokosa mahali pa kwenda. Kumbe pengine walimu wa hapo ndio wamefanya kazi kubwa kuliko hao wengine, sijui, na hilo ndilo lalamiko langu, hakuna mzazi anaweza kujua.

Lakini nyinyi mnaweza. Mheshimiwa Waziri hapa naomba unisikize vizuri. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Hao watoto waliingia Form One 2024 na watafanya KCSE 2027, nayo ndiyo ya mwisho ya 8-4-4, ule mfumo wa zamani. Waliotangulia walifanya KCPE 2022 na wanafanya KCSE mwaka huu wa 2026. Kwa kila mmoja wa hawa KNEC iko na alama alizoingia nazo na itakuwa na gredi aliyotoka nayo, vitu vyote viwili chini ya paa moja hapo ofisini. Toeni kwa kila shule: walioingia na 350 kwenda juu walitoka hivi, walioingia kati ya 250 na 349 walitoka hivi, walioingia chini ya 250 walitoka hivi. Mimi mzazi wa mtoto wa katikati nitaenda kwa mstari wa watoto wa katikati nione hiyo shule inawafanyia nini, sitashughulika na mtoto aliyepata A juu huyo angepata A hata mkimfundishia chini ya mti. Na msiniambie CBC ni kitu kingine kwa hivyo hizo data hazitusaidii. Walimu ni wale wale, prinsipo ni yule yule, maabara ni ile ile. Kundi la Gredi 10 litafika mwisho wa Gredi 12 mwaka 2028, mnataka tukae gizani hadi hapo? Na hao wa sasa walipangwa kwa kuchanganya asilimia 60 ya KJSEA, 20 ya mtihani wa KPSEA wa Gredi 6 na 20 ya kazi ya darasani Gredi 7 na 8, kwa zile ngazi nane kutoka EE1 ya juu kabisa hadi BE2 ya chini kabisa, kwa hivyo hata wao mko na rekodi yao ya kuingilia. Ihifadhini vizuri basi ndio 2028 msituambie imepotea wakati wa kuhamisha data kutoka NEMIS, ule mfumo wa zamani wa rekodi za wanafunzi, kwenda KEMIS, ule mpya.

Kuna kitu kingine kwa hii hesabu huwa hakisemwi mbele ya watu. Watoto waliopotea njiani. Shule inapokea Form One 500, ukifika Form Four wanaofanya mtihani ni 430. Hao 70 walienda wapi? Wengine walihama, wengine karo ilishinda wazazi, msichana mwingine alipata mimba, hayo ni maisha. Lakini kila mzazi amesikia ile ya mtoto kuambiwa Form Three mwishoni arudie darasa ama atafutiwe "shule inayomfaa" ndio asiharibu wastani. Sitataja shule yoyote na sitasema ni zote. Nasema tu namba mbili ziwekwe karibu karibu, walioandikishwa na waliofanya mtihani, halafu prinsipo apewe nafasi ya mistari miwili aeleze tofauti. Kama iko na maelezo tutaelewa, sisi si wajinga.

Tukiacha mitihani, kuna hii ya masomo yenyewe. Mmetupa mikondo mitatu, STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi ya Jamii, na Sanaa na Michezo, na kila mtoto achukue masomo saba, manne ya lazima, Kiingereza, Kiswahili ama lugha ya ishara, hisabati na huduma kwa jamii, halafu matatu ya kuchagua. Kwa karatasi inapendeza kabisa. Iko ya ndege, iko ya umeme, iko ya ujenzi, iko maigizo na filamu, muziki na densi. Binti yangu anataka maigizo na filamu na mimi sina shida, aende. Sasa nikiangalia shule kubwa imeandikwa inafundisha mikondo yote mitatu, swali langu ni dogo sana: mwalimu ni nani? Sitaki jina lake. Nataka kujua kama yuko, kama ameajiriwa na TSC ama ni wa BOM (bodi ya shule) analipwa na pesa zetu, na kama ni yeye peke yake kwa watoto mia mbili. Maana shule kuandika somo kwa potali haigharimu kitu. Mtoto anafika Januari na sanduku lake anaambiwa hiyo kombinesheni haijapata watoto wa kutosha ama mwalimu bado hajatumwa, wewe ingia tu bailojia na jiografia, na hapo sare imeshanunuliwa na haiwezi kurudishwa. TSC mnajua kila mwalimu yuko wapi na anafundisha nini, ndio mnamlipa. Chapisheni idadi ya walimu kwa kila somo kwa kila shule. Ukitoa majina hakuna siri ya mtu hapo.

Na mkiwa hapo semeni pia ukubwa wa darasa, ule wa ukweli. Tangu ile sera ya kila mtoto kuingia sekondari ianze 2018, sera nzuri na naiunga mkono kabisa, madarasa yaliyojengwa ya watoto 45 yanabeba 60 na kupita, na mabweni hivyo hivyo. Ukiuliza unaambiwa "tunajipanga".

Pesa. Hii nitaenda haraka juu kila mtu ameilia. Masomo ya kutwa yanasemwa ni bure na serikali inafaa ilipe 22,244 kwa kila mtoto kwa mwaka, bweni kwa zile shule kubwa mwongozo umekuwa 53,554. Julai 2025 Waziri wa Fedha mwenyewe aliambia wabunge kwamba pesa inayofika ni kama 16,900. Tofauti ni 5,344 kwa mtoto, na kwa shule ya watoto 1,500 hiyo ni milioni 8 na kidogo kila mwaka. Milioni 8 zinatoka wapi? Zinatoka kwetu na jina lingine. Remedio, motisha, pesa ya lunchi, pesa ya basi, mradi wa ukumbi, sweta ya shule yenye inapatikana duka moja tu Nairobi nzima na bei yake ni mara mbili ya ile ya Gikomba. Siwalaumu maprinsipo peke yao, mtu akinyimwa pesa na watoto lazima wale atafanya nini. Ila mimi nataka jumla. Niambiwe mzazi wa Gredi 10 mwaka huu, kutoka siku ya kureport hadi Novemba, atatoa shilingi ngapi zote kwa hiyo shule, sare na godoro ndani. Barua ya kujiunga na shule ndio huwa na ule ukweli na huwa tunaipata baada ya mtoto kupangiwa, hapo huwezi tena kusema hapana, unaenda kwa chama kukopa ama unaenda ofisi ya mheshimiwa kupanga laini ya basari. Mkitoa hiyo barua mapema kuna mzazi atasema mimi siwezi hii, wacha tuchague ile ya karibu, na hatakuwa ameaibika mbele ya mtu.

Halafu mahali watoto wanalala. Kwa hili sitaongea kwa utani. Septemba 2017 bweni la Moi Girls hapa Nairobi lilichomeka na wasichana kumi wakafa. Septemba 2024 Endarasha kule Nyeri wavulana 21. Mwongozo wa usalama wa shule mliandika wenyewe 2008, unasema kati ya kitanda na kitanda kuwe na mita 1.2, dirisha la bweni lisiwe na vyuma, mlango ufunguke kwa nje. Nani anahakikisha? Baada ya Endarasha mlifanya ukaguzi na mkafunga mabweni ya shule za msingi 348, sote tulisoma hiyo habari. Kumbe ripoti ziko! Kumbe mtu anaweza kwenda na kupima na kuandika. Basi ya kila bweni la sekondari iko wapi, na kwa nini mzazi anayepeleka mtoto kulala hapo miaka mitatu asiione? Wekeni kwa hiyo karatasi tarehe ya ukaguzi wa mwisho, bweni lilijengewa watoto wangapi, sasa linalaza wangapi. Kama ni bweni la 80 na linalaza 140 mimi nataka kujua nikiwa bado nyumbani na kalamu mkononi.

Na tusaidieni na hii maneno ya kuingia shule kuangalia. Mtu akinunua hata kochi la mitumba analikalia kwanza. Mimi nilienda shule moja kubwa ya serikali, sitaitaja, kuuliza tu maswali ya kawaida, askari akaniuliza niko na mtoto hapo ndani, nikasema bado, akaniambia nirudi nikipata. Baada ya kubembeleza nikafikishwa kwa dipi, yaani naibu wa prinsipo, mtu mstaarabu sana kusema ukweli, akanipatia fotokopi ya karo na akanionyesha matokeo kwa ubao, na ndio hiyo tu, darasa sikuona, bweni sikuona, jikoni sikuona. Nikitoka nikakuta vijana wa hiyo shule hapo stage, na kwa muda ule wa kungoja matatu walinifunza zaidi ya ubao: mwalimu gani wanampenda na kwa nini, maji hukatika siku gani, madaftari husahihishwa ama hayasahihishwi, mtoto mgonjwa usiku hupelekwa wapi, na venye mamono, wale wanafunzi wageni, wanafanyiwa wiki ya kwanza. Hii ya mwisho waliisema wakicheka na mimi sikucheka. Walisema pia maktaba ni kubwa lakini hufungwa saa kumi, wakati ndio wanatoka darasani. Hakuna wastani unaweza kukuambia hilo.

Sasa mbona isiwe sheria kwamba kila shule iwe na siku moja ya wazi kwa wazazi wa Gredi 9, muhula wa pili, Jumamosi, na watembezwe na wanafunzi si na walimu. Wanafunzi wa kawaida, si wale viranja tu wamefundishwa cha kusema. Wazazi waone choo. Nisamehe lakini choo cha shule kinakuambia prinsipo ni mtu wa aina gani kuliko hotuba yake.

Kuna watakaosema mkichapisha haya yote mtaaibisha shule ndogo na watoto watazikimbia. Nimelifikiria hili sana maana linaniuma, shule zenyewe ni za mtaa wetu. Lakini aibu iko tayari, mliichapisha wenyewe mlipopanga shule kwa C1, C2, C3, C4. C1 ni zile za zamani za kitaifa, C4 ni zile za kaunti ndogo, na kila mtoto ameshaelewa maana yake bila kuelezwa. Mtoto akipangiwa C4 karibu na nyumbani analia na mama yake analia, na hakuna hata mmoja amewahi kuingia kwa hiyo shule. Pengine iko na darasa la watoto 35 na mwalimu wa hisabati mzuri kuliko wa zile shule zenye jina huko Kikuyu. Hiyo alama ya C inahesabu majengo na jina, haihesabu kufundisha. Ile karatasi ninayoomba ndiyo itatetea shule za kutwa, kwa sababu kwa mstari wa "waliingia na nini wakatoka na nini" zingine zitapita wakubwa, na hapo ndipo mzazi wa Kayole ama Dandora atakubali roho safi mtoto alale nyumbani badala ya kulipa elfu hamsini na zaidi kwa sababu ya jina.

Walimu nao wanaogopa watalaumiwa. Naelewa. Lakini ukiangalia vizuri vitu vingi nimetaja hapa si makosa ya mwalimu, ni yenu wakubwa. Darasa la 60 si la mwalimu. Pesa kuchelewa si ya mwalimu. Mwalimu mmoja wa kemia kwa strimu sita si kosa la huyo mwalimu, huyo anafaa kuombewa. Karatasi ikitoka tutajua wa kuuliza ni nani, na pengine hiyo ndiyo sababu haitoki, mnisamehe kama nimekosea.

Na si msaada tunaomba. Katiba kifungu cha 35 kinasema mwananchi ana haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 ikaeleza ataipataje. Najua naweza kuandika barua ya kuomba habari ya shule moja na nikangoja. Lakini shule 12 kwa kila mtoto, wazazi zaidi ya milioni moja, kila mmoja aandike barua zake? Hata nyinyi hamtaki hiyo kazi. Toeni mara moja kwa wote.

Ratiba pia iangalieni. Lile kundi la kwanza lilianza kujaza katikati ya mwaka, kabla hata ya mtihani, halafu Desemba matokeo na nafasi vikaja vikifuatana, watu wako safarini kwenda ushago, wengine wanagundua mtoto msichana amepelekwa mahali hawajawahi kusikia, kuomba kubadilishiwa ni siku chache na potali inazunguka tu. Kwa hawa wa sasa karatasi za shule zitoke angalau mwezi mzima kabla potali kufunguliwa. Ziwe kwa Kiswahili na Kiingereza. Na zisiwekwe tu kwa tovuti ndani ya PDF moja kubwa ya nchi nzima, mzazi wa Mukuru hana bando la kufungua hiyo kitu. Chapisheni, mbandike kwa geti la kila shule ya sekondari na kwa ofisi ya kila shule ya msingi yenye iko na JSS, na chini muweke sahihi ya prinsipo, ya mwenyekiti wa BOM na ya mwakilishi wa wazazi, ndio mtu akidanganya tujue ni nani amedanganya.

Maprinsipo, nyinyi hamhitaji hata kungoja Waziri. Mwenye shule yake iko sawa anaweza kuitoa wiki ijayo, hizo namba ziko kwa ofisi ya dipi. Nitakuwa wa kwanza kuisambaza.

Wenu,
Mzazi wa Gredi 9, Umoja, Nairobi